Ferruccio Lamborghini: fundi aliyegeuza magari ya vita kuwa matrakta

KASUMBALESA – Kwenye mpaka wa Kongo na Zambia, malori yanapishana mchana na usiku. Yanayotoka Kolwezi, Likasi na Lubumbashi yanapeleka shaba na kobalti kwenye bandari za Afrika ya Kusini na Tanzania. Yanayoingia yanaleta, kati ya bidhaa nyingi, mahindi na unga wa bukari. Kila mara Zambia inapofunga mlango wa mahindi yake kwa sababu ya ukame, akina mama wa masoko ya Lubumbashi, umbali wa kilomita 90 hivi, wanaona bei ikipanda mara moja.

Mji kama huu haukosi mafundi. Lori likiharibika kwenye foleni, kuna mtu wa kulala chini yake na kulifufua. Piesi inatolewa katika lori moja na kuingia katika lingine. Lakini hatua chache kutoka barabarani, kwenye udongo mwekundu wa eneo la Sakania, familia nyingi bado zinalima kwa jembe la mkono. Motere ni nyingi barabarani, ni chache shambani.

Hali hiyo iliwahi kuwepo mahali pengine, na kuna mtu aliyejulikana dunia nzima kwa sababu aliiona mapema. Jina lake halihitaji kuelezwa kwa kijana wa Lubumbashi, Goma au Bukavu: Lamborghini. Leo jina hilo ni la gari la anasa, la chini chini, lenye sauti kali, linaloonekana kwenye video za muziki. Wachache wanajua kwamba Ferruccio Lamborghini alianza na trakta, na kwamba trakta hiyo aliiunga kwa vipande vya magari yaliyoachwa na majeshi baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Mtoto wa wakulima wa zabibu

Ferruccio alizaliwa tarehe 28 Aprili 1916 katika kijiji cha Renazzo, karibu na mji mdogo wa Cento, kaskazini mwa Italia. Wazazi wake, Antonio na Evelina, walikuwa wakulima wa zabibu. Eneo hilo la Emilia ni tambarare, lina udongo mzuri na maji, lakini wakati ule kazi ya shamba ilikuwa ya mikono na ya ng'ombe. Mtoto wa mkulima alitazamiwa kuwa mkulima.

Yeye hakuvutwa na zabibu. Alivutwa na chuma. Muda wake mwingi ulipita katika karakana ya shambani, akifungua vyombo na kuvifunga tena. Baba yake hakupigana na tabia hiyo. Ferruccio akapelekwa kusoma ufundi katika shule ya Fratelli Taddia, karibu na Bologna. Huko alijifunza yale ambayo fundi wa mtaani anayajua kwa mikono bila kuyajua kwa hesabu: jinsi nguvu ya motere inavyopita katika gia, jinsi inavyopungua kasi na kuongezeka uzito wa kuvuta, na kwa nini chuma kimoja kinavunjika mahali ambapo kingine kinavumilia.

Elimu hiyo ya aina mbili, ya shamba na ya karakana, ndiyo iliyomtofautisha baadaye. Mafundi wa mjini walijua motere bila kujua jembe linavyokwama katika udongo mzito wa masika. Wakulima walijua udongo bila kujua motere. Ferruccio alijua vyote viwili.

Vita vilimfundisha kazi

Kunako mwaka 1940 alichukuliwa jeshini, katika jeshi la anga la Italia. Hakupewa ndege. Alipelekwa kuwa fundi wa magari katika kisiwa cha Rhodes, ambacho leo ni cha Ugiriki na wakati huo kilikuwa chini ya Italia. Akapanda cheo hadi kusimamia kikosi cha matengenezo ya magari.

Kisiwa wakati wa vita ni mahali pagumu kwa fundi. Meli haziji zinavyotakiwa, piesi mpya hazipatikani, na makamanda wanataka magari yatembee. Mwezi wa Septemba 1943, Italia ilipojiondoa vitani, Wajerumani waliteka Rhodes. Mwaka 1945 wakaja Waingereza. Kila jeshi lilikuwa na aina yake ya magari, na kila aina ilikuwa na siri zake. Fundi aliyekuwa pale alilazimika kuyajua yote, na kutengeneza lori la mtu huyu kwa kipande cha gari la yule.

Waingereza walimshika kama mfungwa wa vita, na alirudi nyumbani mwaka 1946 tu. Alirudi bila mali. Alichokuwa nacho ni ujuzi wa miaka mitano ya kufufua magari katika mahali pasipo na duka la piesi.

Akafungua garaji ndogo katika Pieve di Cento, jirani na kwao. Mwaka 1947 ulimletea msiba: mke wake wa kwanza, Clelia Monti, alifariki alipomzaa mtoto wao wa kiume, Antonio, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Tonino. Ferruccio, akiwa na umri wa miaka 31, alibaki na mtoto mchanga, garaji changa na nchi iliyobomoka.

Carioca, trakta ya vipande

Italia ya baada ya vita ilikuwa na njaa. Mashamba yalikuwepo, lakini ng'ombe wengi walikuwa wamechinjwa au kuchukuliwa, na viwanda vikubwa vya matrakta vilikuwa bado vinajikusanya. Trakta mpya ilikuwa ndoto kwa mkulima mwenye hekta chache.

Upande mwingine, nchi ilijaa magari ya kijeshi. Majeshi ya Marekani, Uingereza na Ujerumani yalikuwa yameacha malori, jipu na motere kwa maelfu. Serikali ya Italia iliunda shirika liitwalo ARAR kwa ajili ya kuuza mabaki hayo ya vita. Vitu vilivyokuwa vimejengwa kubeba askari viliuzwa kwa bei ya chuma.

Mafundi wa Emilia walielewa haraka. Katika karakana za vijiji walianza kukata malori, kuyafupisha, kuyapunguza kasi na kuyafanya yavute majembe. Trakta za namna hiyo zilikuja kuitwa carioca. Ferruccio hakuwa mtu pekee aliyefanya hivyo, na hilo ni jambo la muhimu katika hadithi yake. Wazo lilikuwa la wengi. Yeye alilipeleka mbali kuliko wengine.

Carioca yake ilikuwa na motere ya Morris ya silinda sita, iliyotengenezwa Uingereza kwa ajili ya malori. Gia na diferensiali, ile inayogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma, zilitoka katika magari mengine ya jeshi. Tarehe 3 Februari 1948, siku ya San Biagio, mtakatifu msimamizi wa Cento, aliionyesha mbele ya watu waliokuja kwa sikukuu. Wakulima walikuwepo, na wakaagiza.

Lakini kuunga vipande ni nusu ya kazi tu. Motere ya Morris ilikunywa esansi, na esansi ilikuwa ghali kupita uwezo wa mkulima. Hapo Ferruccio alifanya jambo lililomtoa katika kundi la mafundi wa vijiji. Alibuni kifaa cha kugeuza mafuta kuwa mvuke. Asubuhi, motere ikiwa baridi, inawashwa kwa esansi kidogo. Ikishapata joto, joto hilo hilo linatumika kupasha mafuta ya bei nafuu, yanageuka mvuke kabla ya kuingia katika silinda, na trakta inafanya kazi mchana wote kwa mazutu badala ya esansi. Alikisajili kifaa hicho kama uvumbuzi wake.

Inasimuliwa kwamba baba yake alikubali shamba la familia liwekwe dhamana ili Ferruccio apate mkopo wa kununua motere 1,000 za Morris. Ni uamuzi mzito kwa mzee aliyeishi kwa zabibu. Kama biashara ingeanguka, familia ingebaki bila udongo wa kusimama juu yake.

Mbio zilizoishia kwenye ukuta

Mwaka huo huo wa 1948 nusura apoteze kila kitu kwa sababu ya kupenda mbio. Alikuwa na Fiat Topolino, kigari kidogo cha watu wa kawaida, akakibadilisha kwa mikono yake: akapanua motere, akaondoa bodi iliyofungwa na kukiacha wazi. Akajiandikisha katika Mille Miglia, mashindano makubwa ya barabarani ya Italia. Baada ya kilomita 1,100 hivi, katika Fiano karibu na Turin, aligonga ukuta wa hoteli ndogo ya kando ya barabara. Alitoka mzima. Kwa miaka mingi hakutaka tena habari ya mashindano, na akili yake yote aliirudisha kwenye matrakta.

Kutoka karakana hadi kiwanda

Mabaki ya vita yana mwisho. Fundi anayeishi kwa magari yaliyoachwa anajua kwamba siku moja uwanja utakuwa mtupu. Ferruccio hakungoja siku hiyo. Kila mwaka alipunguza vipande vya kijeshi katika trakta zake na kuongeza vile alivyotengeneza mwenyewe. Mwaka 1951 ilitoka L33, trakta iliyojengwa karibu yote katika kiwanda chake, isipokuwa motere, ambayo bado ilikuwa ya Morris ikiwa na kile kifaa cha mvuke.

Mwaka 1952 sheria mpya ikafungua mlango. Serikali ya Italia, kwa mpango uliobeba jina la waziri wa kilimo Amintore Fanfani, ilitoa mikopo ya riba ndogo kwa wakulima walionunua mashine zilizotengenezwa nchini. Mkulima ambaye jana alitazama trakta na kuondoka, sasa aliweza kuichukua na kuilipa kidogo kidogo baada ya mavuno. Mwaka huo huo Lamborghini alitoa aina ya DL, kuanzia DL 15 hadi DL 30, zikiwa na motere za mazutu zenye nguvu tofauti. Mwenye shamba kubwa alipata yake, mwenye bustani ya zabibu alipata yake.

Baadaye ilifuata Lamborghinetta, trakta ndogo ya bei nafuu iliyokusudiwa kwa wenye mashamba madogo. Hadi mwisho wa miaka ya 1950, mtoto wa Renazzo alikuwa mmoja wa watengenezaji wakubwa wa matrakta nchini Italia. Akaongeza kiwanda cha mitambo ya kupasha nyumba joto na cha kupoza hewa. Akawa tajiri.

Ambrayaji iliyomfumbua macho

Tajiri alinunua magari ya tajiri. Kati ya hayo zilikuwepo Ferrari, zilizotengenezwa Maranello, si mbali na kwake. Zilikimbia vizuri, lakini ambrayaji zake zilimsumbua kwa kuharibika mara kwa mara. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba siku moja alichoka kulipa matengenezo, akafungua gari katika kiwanda chake, na kukuta ambrayaji ya aina ile ile aliyokuwa akiiweka katika matrakta. Kwa simulizi yake, alipompelekea Enzo Ferrari malalamiko, alijibiwa kwa dharau, kana kwamba mtu wa matrakta hana la kusema juu ya magari ya mbio.

Watu wamebishana sana kuhusu maneno ya mkutano huo. Matokeo yake hayana ubishi. Mwaka 1963 Lamborghini alianzisha kampuni ya magari katika Sant'Agata Bolognese. Akamchukua injinia Giotto Bizzarrini, aliyewahi kufanya kazi kwa Ferrari, ili amtengenezee motere ya silinda 12. Akawakusanya vijana: Gian Paolo Dallara, Paolo Stanzani, na dereva wa majaribio kutoka New Zealand, Bob Wallace. Mwaka 1964 ilianza kuuzwa 350 GT. Mwaka 1966, katika maonyesho ya Geneva, ilitoka Miura, yenye motere iliyolazwa kwa upana nyuma ya kiti cha dereva. Dunia ya magari ilishangaa.

Alama ya kampuni ni fahali, kwa sababu Ferruccio alizaliwa chini ya nyota ya fahali, na Miura ni jina la ukoo wa Wahispania wafugaji wa mafahali wa mapigano. Lakini fedha za kujenga hayo yote zilitoka wapi? Zilitoka kwa wakulima, trakta moja baada ya nyingine.

Matrakta yaliyokwama bandarini

Ilivyokuwa trakta ndiyo nguzo, trakta ilipotetemeka nyumba yote ilitetemeka. Mwaka 1971 mteja wake wa Afrika ya Kusini, aliyekuwa akiingiza matrakta huko, alifuta maagizo yake yote. Kisha ikaja habari ya Bolivia. Nchi hiyo ilikuwa imeagiza matrakta mengi, na sehemu ya mzigo ilikuwa karibu kupakiwa katika bandari ya Genoa. Mwezi wa Agosti 1971 jeshi lilipindua serikali ya Bolivia, na watawala wapya wakavunja agizo.

Ferruccio alibaki na matrakta yasiyo na mnunuzi. Wafanyakazi wake walikuwa na vyama vyenye nguvu na hawakuweza kuachishwa kazi kirahisi. Mishahara iliendelea wakati mauzo yalisimama. Kwa muda mfupi alilazimika kuachia kile alichokijenga kwa miaka 24. Kiwanda cha matrakta kilichukuliwa na SAME, kampuni ya Italia ya matrakta kutoka Treviglio. Mwaka 1972 aliuza asilimia 51 ya kampuni ya magari kwa mfanyabiashara wa Uswisi, Georges-Henri Rossetti. Mwaka 1974 sehemu iliyobaki ilikwenda kwa Mswisi mwingine, René Leimer. Jina lake likabaki kwenye magari na matrakta ambayo hayakuwa tena yake.

Alikuwa na umri wa miaka 58. Hakwenda kukaa mjini. Alihamia Panicarola, karibu na ziwa Trasimeno katikati ya Italia, kwenye shamba lake liitwalo La Fiorita. Huko alipanda zabibu na kutengeneza divai, kazi ile ile ya baba yake aliyoikimbia utotoni. Alikufa Perugia tarehe 20 Februari 1993, akiwa na miaka 76, baada ya kupatwa na ugonjwa wa moyo.

Leo kampuni ya magari iko mikononi mwa kundi la Volkswagen kupitia Audi, tangu mwaka 1998. Matrakta yenye jina la Lamborghini bado yanatengenezwa na warithi wa SAME. Mtoto wake Tonino alikusanya vitu vya baba yake katika jumba la makumbusho, ambalo sasa liko Funo di Argelato, karibu na Bologna. Huko, kati ya magari yanayong'aa, imesimama carioca.

Kinachopatikana Kasumbalesa, na kinachokosekana

Haut-Katanga haijakosa majaribio ya kuleta mashine shambani. Wakati Moïse Katumbi alipokuwa gavana wa Katanga, kati ya 2007 na 2015, kampuni za madini zilitakiwa kulima hekta 500 kila moja. Kitaifa, shamba la Bukanga-Lonzo lilianza mwaka 2014 na mashine nyingi mpya. Mradi ukasimama mwaka 2017, na mashine zikabaki zimeegeshwa. Shida haikuwa kwamba hapakuwa na matrakta. Trakta kubwa mpya bila fundi, bila piesi na bila mkulima anayeimiliki ni chuma kinachongoja kutu.

Njia ya Ferruccio ilianza upande wa pili: fundi aliyepo, chuma kilichopo, shamba lililo jirani. Huko Marekani pia, katika miaka ya 1930 na 1940, wakulima waliokosa fedha walikata magari ya zamani ya Ford na kuyafanya trakta ndogo za nyumbani. Kanuni za kazi hiyo hazibadiliki kwa nchi.

Ya kwanza ni mwendo. Lori limejengwa kukimbia kilomita 60 au 80 kwa saa. Jembe linataka kilomita tano au sita. Ndiyo maana mafundi wa trakta za nyumbani mara nyingi wanaunga bwati mbili za vitesi, moja nyuma ya nyingine, ili kasi ishuke na nguvu ya kuvuta ipande. Ya pili ni joto. Lori linapozwa na upepo wa barabarani, lakini trakta inavuta kwa nguvu zote ikitembea kama mtu anayetembea kwa miguu. Bila feni kubwa na radiateri safi, motere inaungua kabla ya saa sita mchana. Ya tatu ni uzito: magurudumu ya nyuma yasipolemewa vya kutosha, yanazunguka pale pale na kuchimba shimo.

Ya nne inahusu uhai wa mtu. Mzigo ukifungwa juu kuliko ekseli ya nyuma, trakta inaweza kuinuka mbele na kumwangukia dereva. Trakta nyepesi ya nyumbani ifungiwe mzigo chini, na iwe na breki kabla ya kuwa na rangi.

Motere iliyolala miaka mingi haiwashwi kwa pupa. Fundi makini anatoa plagi au sindano za mafuta, anatia oili katika silinda, anaiacha ilainike kwa siku kadhaa, kisha anaizungusha kwa mkono. Anamwaga oili ya bwati na kuitazama: ikitoka na vipande vya chuma, gia zimekwisha kuumia. Anasafisha tangi na mipira ya mafuta kabla ya kufikiria kubadilisha pompi.

Udongo wa Haut-Katanga una masharti yake pia. Vichuguu vikubwa vya mchwa na mizizi ya miti ya miombo vinavunja majembe ya plau. Shamba jipya linahitaji kung'olewa visiki kwanza, na trakta ndogo inayopita kati ya vichuguu inaweza kufaa kuliko kubwa inayohitaji uwanja mtupu.

Kitu kimoja Ferruccio alikipata ambacho fundi wa Kasumbalesa hakipati kirahisi: mkopo. Baba yake aliweka shamba dhamana, na baadaye serikali yake iliwakopesha wakulima ili wanunue. Bila baba huyo kusingekuwa na motere 1,000. Bila sheria ya 1952, huenda carioca ingebaki kazi ya mikono ya kijiji kimoja, kama zilivyobaki nyingine nyingi ambazo majina ya mafundi wake hayakumbukwi.

Mafundi wapo, na motere zinapita mpakani kila siku. Mvua za kupanda mahindi huanza Novemba, na chama cha wakulima kinachotaka kufufua trakta moja ya zamani kinahitaji kuanza kuitafutia fedha na piesi miezi mingi kabla ya hapo.